Wasomaji wa Mchanga Uliozikwa

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kando ya lagha, yaani mto wa msimu, wa Tarach, na vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan wakapata pa kulaza vichwa vyao. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka huohuo, kusini mwa Lodwar, Shell ilikuwa inatoboa kisima mahali panapoitwa Loperot. Kilishuka karibu mita 2,950, kikatoa mafuta kidogo sana yenye nta nyingi, kisha kampuni ikafunga virago. Habari hiyo haikufika mbali.

Miaka 20 baadaye, tarehe 26 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima cha Ngamia-1 kilichochimbwa na Tullow Oil pamoja na mshirika wake, Africa Oil. Kenya ilikuwa imetoboa visima zaidi ya 30 tangu mwaka 1960 bila kupata mafuta ya maana, kwa hiyo wengi waliita jambo lile bahati. Mimi nasema ilikuwa kazi ya akili, iliyofanywa na watu wengi ambao baadhi yao hawakupata kuonana, na kwamba kisima kilichostahili makofi zaidi ni kile cha Loperot kilichoachwa na wenyewe. Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo: kusimama juu ya ardhi kavu na kusema kwamba chini ya hapa, kwenye kina fulani, huenda pana mchanga uliojaa mafuta, na kusema papo hapo una shaka kiasi gani.

Ukipita Kakuma wakati wa kiangazi utawaona akina mama na wasichana wakifukua mchanga wa Tarach kutafuta maji. Lagha ni kavu kabisa, lakini hawafukui popote tu. Wanachagua palipo na mchanga safi usiochanganyika na tope, kwa sababu maji hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe na chembe. Wanachagua mahali ambapo chini ya mchanga pana udongo mzito au mwamba usiopitisha maji. Na wakijua palipo na mwamba uliokatiza lagha chini kwa chini, hufukua upande wa juu wa mwamba huo, maana maji yaliyokuwa yakiteremka yamezuiwa pale. Mwanajiolojia wa mafuta anauliza maswali yaleyale matatu: mchanga uko wapi, nini kinauziba, nini kinayazuia yaliyomo yasiende zake. Tofauti ni kwamba mchanga wake uligeuka mwamba mamilioni ya miaka iliyopita na umezikwa kilomita moja au mbili chini. Halafu mafuta ni mepesi kuliko maji, hayatulii chini, yanapanda. Kwa hiyo udongo wa kuziba lazima awe nao juu ya mchanga, na kizuizi lazima kiwe upande wa kupandia.

Kwake yeye kuna swali la nne ambalo mama wa Kakuma halimhusu: mafuta yenyewe yametoka wapi? Mvua haileti mafuta. Lazima pawe na mwamba mama, na Turkana mwamba huo ni tope la ziwa la kale. Mimea midogo sana ya majini ilikufa, ikazama kwenye kilindi kisicho na hewa, ikafunikwa kabla haijaoza. Tope likazikwa zaidi na zaidi, joto likapanda. Kati ya nyuzi 60 na 120 hivi za selsiasi mabaki yale hugeuka mafuta. Joto likizidi sana hugeuka gesi. Lisipofika, tope hubaki tope, hata liwe na utajiri gani. Swali la tano ni la wakati, nalo ndilo linalowatoa jasho: je, kizuizi kilikuwa kimekwisha kujengeka mafuta yalipoanza kusafiri? Kama ardhi ilijikunja baadaye, mafuta yalikwisha pita.

Hapo ndipo hesabu yao inaponivutia. Chukua maswali manne ya kwanza. Tuseme kwa kila moja una uhakika wa asilimia 70, kiasi ambacho katika maisha ya kawaida mtu angekiita kikubwa. Lakini yote lazima yawe kweli kwa pamoja, hivyo unazidisha, hujumlishi. Unabaki na asilimia 24. Ukiongeza swali la tano kwa uhakika uleule, unabaki na 17. Mtu anayefanya kazi hii anajua tangu asubuhi kwamba akiwa hodari sana bado visima vingi vitatoka vikavu, na anaandika hivyo katika ripoti yake, kwa tarakimu, kabla mtambo haujaletwa. Ni fani chache zenye adabu ya namna hiyo. Wanasiasa wetu wangeisoma kwa wiki moja tu tungepumzika.

Sasa namna ya kuona. Malori mazito hupangwa jangwani, kila moja na sahani ya chuma chini ya tumbo lake. Sahani hushushwa, lori likaiegemea kwa uzito wake, kisha ardhi ikatikiswa kwa sekunde kadhaa, kuanzia mtikisiko wa taratibu hadi wa haraka. Mawimbi hushuka. Kila yanapokutana na mpaka kati ya mwamba wa aina moja na mwingine wenye uzito na ugumu tofauti, sehemu yake hurudi juu, ambako mamia ya vipokezi vidogo viitwavyo jiofoni vimechomekwa ardhini vikisubiri. Kinachopimwa si umbali bali muda. Wimbi likienda na kurudi kwa sekunde moja, nawe ukaamini kwamba linasafiri mita 3,000 kwa sekunde, utasema mpaka uko mita 1,500 chini. Kama kumbe mwendo ni 3,300, mpaka uko mita 1,650. Kosa la sehemu moja katika kumi limekuhamishia kilele mita 150, na huenda kile ulichokiita kilele hakipo kabisa, ni mwinuko uliotengenezwa na mwamba wa juu uliopitisha wimbi upesi. Ndiyo maana fundi mzuri anahangaika na mwendo wa mawimbi kuliko anavyohangaika na picha nzuri.

Wimbi moja, hata hivyo, halisemi kitu cha kueleweka. Upepo unatikisa jiofoni, mbuzi wanapita, lori linanguruma. Kwa hiyo sehemu moja ya chini ya ardhi hupigwa kutoka pembe nyingi, kisha majibu yake yote hujumlishwa. Mwangwi wa kweli hurudi kila mara mahali pamoja na kujikusanya. Kelele huja ovyo ovyo na kufutana. Na Turkana kuna kero ya ziada: basalti. Volkano za zamani zilimwaga uji wa moto juu ya mabonde haya, na kote kandokando ya Lodwar unaiona miamba hiyo myeusi ikiwa imetapakaa. Basalti huyatawanya mawimbi, na kilicho chini yake huonekana kwa ukungu. Bonde la Lokichar, lenye visima vya Loperot na Ngamia-1, nalo lilifunikwa sehemu na basalti za Auwerwer, zilizomwagika miaka milioni 12 hadi 10 hivi iliyopita.

Kampuni ya mafuta ya Amoco ndiyo iliyopiga mistari mingi ya mitetemo ya namna hiyo Turkana katika miaka ya 1980. Enzi hizo picha zilitolewa kwenye karatasi ndefu, na msomaji alizikunjua mezani akafuata mpaka mmoja kwa kalamu ya rangi kutoka ukingo hadi ukingo, akivuka nyufa, akijiuliza kama mstari wa buluu upande huu wa ufa ndio uleule upande wa pili. Waliposoma mistari ya Lokichar waliona umbo ambalo juu ya ardhi hakuna anayeweza kulihisi: bonde lililozikwa, urefu wa kilomita 60 hivi na upana wa 30, lenye ufa mkubwa upande wa magharibi. Sakafu yake imeinamia ufa huo, hivyo matabaka ni membamba mashariki na yanazidi kunenepa kadiri unavyokwenda magharibi, hadi unene wa kilomita 7 hivi karibu na ufa. Unene unaoongezeka kuelekea ufa ni ushahidi kwamba ufa ulikuwa ukishuka wakati uleule tope na mchanga vilipokuwa vikijaa. Ziwa lilikuwapo, mito iliingia, ardhi iliendelea kuzama.

Aina hiyo ya mito ina shahidi wake wa ajabu. Mwaka 1964, palepale Loperot, palipatikana mabaki ya nyangumi. Ukiniuliza, hakuna jiwe la Kenya linalofundisha zaidi ya hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza kwamba nyangumi huyo aliishi miaka milioni 17 iliyopita, na kwamba alipanda mto uliotiririka kwenda Bahari ya Hindi wakati Turkana ilipokuwa nchi ya chini, kabla ardhi ya Afrika Mashariki haijainuka. Leo mahali pale ni zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini. Mto wa kumpitisha nyangumi ni mto wa kubeba mchanga, na mchanga wa mito ya nyakati hizo ndio unaotafutwa na mchimbaji.

Wala si lazima yote yasomwe kwa mashine. Mawe ya mchanga ya umri wa kale yamejitokeza juu ya ardhi katika vilima vya Muruanachok, si mbali na Lodwar, na kaskazini zaidi katika safu ya Lapur, ambako pia mifupa ya dinosau imechimbuliwa. Wanajiolojia huenda huko na nyundo na kioo cha kukuzia. Wanatazama ukubwa wa chembe, kama zimechongoka au zimelainika, kama zilipangwa na maji ya kasi au ya taratibu. Wanakata kipande chembamba mpaka mwanga upite, wakihesabu nafasi zilizobaki kati ya chembe. Mara nyingi jibu linaumiza: nafasi zipo, lakini zimezibwa na madini yaliyoganda ndani yake baadaye, na miamba iliyojaa majivu ya volkano ndiyo inayougua sana ugonjwa huu. Mwamba waweza kuwa wa mchanga mtupu usiweze kutoa hata tone.

Turudi Loperot. Kisima kile kilikuwa upande wa mashariki, kwenye ubavu wa bonde. Kama biashara kilishindwa. Kama jibu la swali la nne kilishinda kabisa, kwa sababu kilipita katika tope jeusi la ziwa, lile liitwalo Lokone, na kuonyesha kwamba lina utajiri wa mabaki ya mimea ya majini na kwamba limekwisha zaa mafuta. Ile nta ilikuwa cheti cha kuzaliwa: mafuta ya maziwa huwa na nta. Kuanzia siku ile hakuna aliyehitaji kuuliza kama Lokichar kuna mwamba mama. Lililobaki ni kujua watoto walikimbilia wapi, na hapo ndipo kazi ikalala karibu miongo miwili.

Walioiamsha walikuwa wamefundishwa na Uganda. Huko, E. J. Wayland wa idara ya jiolojia alikwisha kuandika mwaka 1925 juu ya mafuta yanayochuruzika kandokando ya Ziwa Albert; kisima kikatobolewa Waki mwaka 1938, na bado ikangojewa hadi 2006 ndipo Mputa-1 kikatoa jibu. Tullow ilikuwamo katika kazi hiyo ya Albert. Ilipoingia Turkana mwaka 2010 ilikuja na swali lililoiva: kama bonde la ufa la magharibi limeshika mafuta, la mashariki limeshindwa kwa nini? Ndege zenye vipimo vya mvuto zikarushwa juu ya mabonde, maana mchanga na tope ni vyepesi kuliko mwamba wa msingi, na palipo na bonde nene mvuto hupungua kidogo sana, kiasi cha kupimika. Mistari ya zamani ikasomwa upya, mipya ikapigwa.

Uamuzi wao ulikuwa wa kijasiri: waondoke ubavuni na wakae karibu na ule ufa wa magharibi. Hofu ya kawaida ya mahali kama hapo ni kwamba mchanga ulioporomoka kutoka kwenye ukuta wa ufa huwa mchafu, kokoto na tope vikiwa vimechanganyika, na ufa wenyewe unaweza kuvuja. Lakini hapo ndipo matabaka yalipojikunja na kuacha vilele, na ndipo tope la ziwa lilipozikwa kwa kina cha kutosha kuiva. Ngamia-1 kilipotangazwa, kilikuwa na zaidi ya mita 20 za mchanga wenye mafuta. Kilipoendelea kushuka zikazidi 100.

Watu husahau kwamba wakati kisima kinapotobolewa, utabiri unaendelea saa kwa saa. Tope la kuchimbia huzungushwa chini na kurudi juu likiwa limebeba vipande vidogo vya mwamba. Mwanajiolojia wa zamu huviosha, huvitazama kwa hadubini, huvimulika kwa taa ya urujuanimno. Penye mafuta panang'aa. Lakini kipande anachokishika sasa hakikukatwa sasa. Kimesafiri dakika nyingi kupanda, na yeye lazima apige hesabu ya ukubwa wa shimo na kasi ya pampu ili ajue kilitoka kina gani. Baadaye vipimo hushushwa kwa waya. Kimoja husikiliza mionzi ya gama, ambayo tope huwa nayo nyingi na mchanga safi huwa nayo kidogo. Kingine hupima ukinzani wa umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme, mafuta hayapitishi. Ila kwenye miamba iliyozaliwa ziwani, maji yakiwa matamu nayo hukataa kupitisha umeme vizuri, na asiyejua huyaita mafuta.

Kwa hiyo hupimwa shinikizo, na kipimo hiki mimi nakiheshimu kuliko vyote. Chombo kidogo hubanwa kwenye ukuta wa kisima, kikanyonya tone na kusoma shinikizo la kina kile. Hupandishwa, husoma tena. Katika maji matamu shinikizo huongezeka karibu kilopaskali 9.8 kwa kila mita unayoshuka. Katika mafuta, ambayo ni mepesi, huongezeka kama 8. Weka nukta zako kwenye karatasi. Zitajipanga katika mistari miwili yenye miinamo tofauti, na pale mistari inapokutana ndipo mafuta yanapoishia na maji yanapoanzia, hata kama hakuna aliyepaona kwa macho. Zaidi ya hapo, nukta za visima viwili vilivyo mbalimbali zikikaa kwenye mstari mmoja, huenda mchanga wao unaungana. Zikikaa kwenye mistari tofauti, pana ukuta katikati. Ugunduzi mmoja unaweza kugawanyika kuwa vijungu kumi kwa sababu ya nukta mbili zisizokubaliana.

Baada ya Ngamia vikafuata Twiga, Ekales, Agete na Amosing kandokando ya ufa uleule, na Etuko upande wa pili wa bonde. Kilichofuata, wengi hawapendi kukitaja. Wachimbaji walitoka bonde la Lokichar wakajaribu mabonde jirani: Emesek kaskazini mwa Lokichar, Kodos na Epir upande wa Kerio, Engomo magharibi mwa Ziwa Turkana, Sabisa na wenzake ng'ambo ya mpaka, Ethiopia. Hakuna kilichotoa mafuta ya kuchimbika. Ufa upo, mchanga upo, basalti ipo tele. Mara mwamba mama haukuonekana, mara kulikuwa na dalili tu. Kwangu hilo halishushi hadhi ya ufundi huu. Linaonyesha kwamba ile asilimia 24 haikuwa unyenyekevu wa uongo.

Mafuta yenyewe yamekwenda polepole. Malori yalianza kuyabeba hadi Mombasa mwaka 2018, shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019, na mwaka 2025 Tullow ikakubali kuuza kazi yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Nta ileile iliyoonekana Loperot inalazimu mafuta yapashwe moto ili yatiririke. Hayo ni mambo ya wahandisi na wanasheria.

Linalowahusu watu wa Kakuma na Lodwar moja kwa moja ni kwamba akili ileile hutafuta maji. Tarehe 11 Septemba 2013 ilitangazwa Nairobi kwamba hazina kubwa za maji zimegunduliwa Turkana, moja chini ya uwanda wa Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, na nyingine ndogo karibu na Lodwar. Aliyeongoza utafiti huo, ulioendeshwa kwa usimamizi wa UNESCO na fedha za Japani, ni Alain Gachet, Mfaransa ambaye kabla ya hapo alitafuta mafuta. Alisoma picha za rada kutoka angani pamoja na habari za miamba ya chini. Magazeti yalibeba tarakimu ya mita za ujazo bilioni 250. Uchimbaji wa baadaye Lotikipi ukakuta maji yenye chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Kuwapo kwa maji kulitabiriwa sawasawa. Kilichokosekana ni ile tabia ya watafuta mafuta ya kutaja, pembeni ya kila tarakimu kubwa, uwezekano wa kuwa si hivyo. Swali la ubora wa maji lilipaswa kuwa na asilimia yake, likazidishwa pamoja na mengine, na watu wa Kakuma wakaambiwa jibu zima.

Habari zilizokusanywa chini ya ardhi ya Turkana tangu Amoco ni nyingi kuliko za sehemu kubwa ya Kenya, na zililipiwa mara moja; kuzisoma tena ni bei rahisi. Lodwar sasa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, na Muruanachok iko jirani. Nakala za mistari ile ya mitetemo, nukta za shinikizo na vipande vya mwamba kutoka Loperot na Ngamia viwekwe pale, na vijana wa Turkana na wa Kakuma wafundishwe kuvisoma, kwa sababu maji ya Lotikipi bado yanahitaji mtu wa kutuambia wapi ni matamu.